"Jina Halikurudi": Venye Unaomba Doh ya Ulemavu Bila Uongo, na Venye Unapigania Ukikataliwa

Kuna maneno mawili yalitunyima doh kwetu Mosocho. "Ako sawa."

Mamdogo wangu ana msichana wa miaka 14. Ana mtindio wa ubongo tangu azaliwe. Hawezi kukaa bila kuegemezwa. Kula analishwa. Usiku lazima ageuzwe, juu akilala upande mmoja sana ngozi inaanza kutoboka. Siku wasee wa kuandikisha Inua Jamii walikuja boma, mamdogo aliamka saa kumi na moja, akamwogesha, akampaka mafuta, akamvalisha rinda ya kanisa na kumketisha kwa kiti, amefungiliwa na leso kwa nyuma asianguke. Leso haikuonekana. Afisa akauliza, "Mama, mtoto anaendeleaje?"

"Ako sawa, tunashukuru Mungu."

Afisa akaandika venye aliambiwa. Miezi ikapita. Siku moja mamdogo akaenda kuuliza, akajibiwa kwa mlango: "Mama, jina halikurudi." Hakupewa barua wala sababu. Akarudi nyumbani na boda, na hiyo fare ilikuwa ya mboga.

Sasa, si ati alidanganya. Kwetu mgeni hamwagiwi shida zako mlangoni, na mtoto hawezi kuonekana mchafu mbele ya watu. Heshima tupu. Lakini fomu haijui heshima. Inajua tu kile kimeandikwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so usinichukulie kama wakili. Lakini nimebeba hiyo faili ya binamu kutoka Mosocho hadi Kisii tao na kurudi mara sijui ngapi, nikakaa kwa zile benchi, nikasoma sheria kwa simu nikingoja kuitwa. Hii ndio rada nilipata.

Kadi si doh

Hapa ndio wengi huchanganya. Kuna vitu viwili na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni kusajiliwa kama mtu mwenye ulemavu. Hii inafanywa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ile watu huita NCPWD. Iliundwa chini ya sheria ya 2003, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa sahihi Mei 2025 kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Ukisajiliwa unapata kadi.

Ya pili ni pesa ya Inua Jamii ya watu wenye ulemavu mkali. Hii iko chini ya idara ya serikali ya ustawi wa jamii, si Baraza. Ni thao mbili kwa mwezi, na mara nyingi inakuja imekusanywa ya miezi kadhaa. Na haipewi kila mtu ako na kadi. Ni ya mtu ambaye ulemavu wake ni mkali hadi anahitaji mlezi wakati wote, na ako kwa familia maskini haina mshahara wala penshoni ya kutegemea. Ndio maana pesa yenyewe inachukuliwa na mlezi kwa niaba yake.

So kama mguu wako mmoja ulikatwa lakini unajifanyia kazi zako, unaendesha kinyozi yako pale Nyakoe, usipoteze miaka ukilia Inua Jamii. Hiyo haikukusudiwa wewe na ukisema ukweli utakataliwa kihalali. Lakini kadi bado ni yako, na kadi ina vitu vyake. Ukiwa umeajiriwa, mapato yako ya kwanza hadi shilingi 150,000 kwa mwezi hayakatwi kodi ukishapata cheti cha msamaha kutoka KRA. Kuna mfuko wa maendeleo chini ya Baraza ambao hutoa vifaa vya kazi, viti vya magurudumu, viungo bandia na msaada wa karo. Zile tenda za serikali asilimia 30 zimetengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Msee akikuambia kadi haina maana, muulize kama amewahi kuitumia.

Kupata kadi

Siku hizi unaanzia kwa eCitizen. Kama huna simu ya maana enda saiba, ama Huduma Centre Kisii tao, ama ofisi ya Baraza ya kaunti. Wasee wa Nyamira wana ofisi yao ya kaunti, hakuna haja ya kuja Kisii.

Unahitaji kitambulisho. Kama ni mtoto, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi ama mlezi. Alafu kuna fomu ya tathmini ya ulemavu, ambayo inajazwa na madaktari wa hosipitali ya umma iliyoidhinishwa. Huku kwetu wengi huenda KTRH, ile bado tunaita Level 5. Piga ama uulize mtu wa huko siku za tathmini kabla uende, juu si kila siku jopo linakaa. Mamdogo alipanda matatu na mtoto mgongoni mara ya kwanza, akafika, akaambiwa arudi wiki ijayo. Kama umewahi kubeba mtu wa miaka 14 mgongoni kwa mvua ya Kisii ya saa tisa mchana, unajua venye hiyo inauma.

Beba kila karatasi ya hosipitali uko nayo. Kadi za kliniki, risiti za dawa, picha za eksirei, barua ya mwalimu wa shule ya mahitaji maalum. Hata kile kitabu cha kliniki kilikuliwa na panya pembeni.

Jambo la majina sasa. Hili limeangusha watu wengi kuliko umaskini. Kitambulisho kinasema Moraa, cheti cha kuzaliwa kinasema Mora, fomu ya hosipitali imeandikwa jina la babu ambalo hakuna mahali pengine liko. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Angalia majina yote yafanane herufi kwa herufi kabla hujatuma chochote, na kama hayafanani rekebisha hiyo kwanza. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni rahisi kuliko kugundua miaka miwili baadaye.

Kadi ya Baraza ni bure. Fomu ya Inua Jamii ni bure. Kuna jamaa huwa anatembea sokoni akisema ako na mtu "ndani" na ukimpea thao tatu jina litapita. Huyo jamaa hana mtu popote. Na kama ni mtu wa ofisi mwenyewe anaitisha chai, hiyo ni ufisadi na EACC wanapokea ripoti bila jina lako.

Venye unajibu maswali

Hapa nitakaa kiasi.

Watu hufikiri uongo ni kuongeza tu. Kuna msee alishauri mamdogo amfunike binamu blanketi chafu, asimwogeshe siku tatu, na amwambie daktari hata kuona haoni. Binamu anaona. Anacheka ukimwonyesha katuni. Daktari angemulika tochi mara moja na hiyo fomu yote ingekuwa takataka, hata ile sehemu ya ukweli. Na kutoa habari za uongo kwa fomu ya serikali ni kosa, si mchezo. Juu ya hiyo, nafasi za Inua Jamii si nyingi. Ukiingia na uongo, kuna mtu kwa kijiji kile kile anabaki nje, na kijijini watu wanajua.

Lakini kupunguza pia si ukweli. "Ako sawa" ilikuwa uongo, tena ule unaenda dhidi yako. Na kwetu Gusii ndio uongo tunaujua sana. Mtoto anafichwa chumba cha nyuma wageni wakija. Kijana ana kifafa, familia inasema amerogwa. Fomu haina mahali pa kurogwa. Hata sheria ya 2003 ilikuwa imeshafanya kumficha mtu mwenye ulemavu asipate huduma zake kuwa kosa, so hii shida haikuanza na mamdogo wangu.

Njia ya katikati ni hii. Usiseme mtu ni nani. Sema anafanya nini na hafanyi nini, bila kusaidiwa, na mara ngapi.

Usiseme "anasumbuka kula." Sema, "Hawezi kushika kijiko. Namlisha mara tatu kwa siku, kila mara dakika 40, na chakula lazima kipondwe juu obokima ya kawaida inamkaba." Usiseme "usiku hatulali." Sema, "Namgeuza saa nne, saa saba na saa kumi." Usiseme "siwezi kufanya kazi." Sema, "Nilikuwa nauza ndizi Daraja Mbili. Niliacha 2019 juu hakuna wa kubaki naye." Unaona tofauti? Hakuna mahali umelia na hakuna mahali umeongeza. Afisa akitaka kuhakikisha, anaweza kukaa hapo saa moja aone.

Kama hali hubadilika, sema inabadilika. Msee wa kifafa anaweza kuwa fiti wiki nzima, alafu Jumatano aanguke jikoni aungue mkono. Ukisema anaanguka kila siku, jirani atasema si kweli. Ukisema siku zingine ako poa, utaonekana huna shida. So chukua daftari ya shule ya shilingi 30, andika tarehe, saa, ilichukua muda gani, aliumia wapi. Miezi mitatu ya hiyo daftari inaongea kuliko mtu yeyote. Hiyo hiyo ni ya magonjwa ya akili, ambayo pia yanahesabiwa kama ulemavu, hata kama mzee wa kijiji anakuambia huyo ni mvivu tu.

Na usipange nyumba kwa ajili ya mgeni. Mwogeshe mtoto, bila shaka, hiyo ni haki yake. Lakini toa leso ionekane. Onyesha godoro. Onyesha mahali mnaweka nguo za mkojo. Sisi hiyo mara ya pili tulimwomba afisa angoje, akaona mamdogo akimlisha. Hakuna mtu aliongea. Nilikuwa nimesimama kwa mlango nikijifanya naangalia simu.

Aina nne za "hapana"

Watu husema "nilikataliwa" kama ni kitu kimoja. Lazima ujue umekataliwa wapi, juu kila "hapana" ina mlango wake.

Ya kwanza ni ya hosipitali. Daktari anaandika kwamba hakuna ulemavu wa kudumu, ama anaandika kiwango cha chini kuliko hali ilivyo. Hapo hupigani na chifu, hana uwezo. Omba nakala ya fomu, uone wameandika nini hasa. Kama tathmini ni ya zamani, omba kupimwa upya. Binamu alipimwa akiwa na miaka minne, wakati bado mtu angemwinua kwa mkono mmoja, na ile fomu ilikuwa inasema kiwango cha wastani. Miaka kumi baadaye hiyo ndio karatasi bado ilikuwa inaongea kwa niaba yake. Kama hukubaliani na tathmini mpya, mwandikie msimamizi wa hosipitali, nakala kwa ofisi ya Baraza ya kaunti, ukiomba jopo liangalie tena ama upelekwe hosipitali nyingine iliyoidhinishwa. Taja kitu walichoruka. "Hamkumpima akimeza" ni hoja. "Hamkutusaidia" si hoja.

Ya pili ni pale jina halikuchukuliwa kabisa. Uandikishaji wa Inua Jamii haufunguliwi kila siku. Unatangazwa, watu wanarekodiwa kupitia ofisi ya chifu na maafisa wa jamii wa kaunti ndogo, alafu majina yanasomwa kwa baraza wananchi waseme kama ni ya kweli. Ukiwa hukujua, hukukataliwa. Ulikosa. Enda kwa naibu wa chifu, mpe jina kwa maandishi, mwombe akuambie uandikishaji ujao ni lini, na enda kwa kila baraza hata kama unajua watakaa wakiongea habari ya mifereji. Na jina la mtu likisomwa hapo na unajua hana ulemavu wowote, hiyo baraza ndio mahali pa kusema. Najua si rahisi, juu huyo ni shemeji ya mtu. Nasema tu ndio mahali pake.

Ya tatu ni ile ya mamdogo. Jina lilichukuliwa, halikurudi. Hapa kuna mambo mawili yanaweza kuwa yametokea. Inawezekana ulistahili lakini nafasi ziliisha, so uko kwa foleni. Ama kuna kitu kwa rekodi yako kinasema hustahili. Huwezi kujua bila kuuliza kwa karatasi, na hapo ndio nguvu yote iko. Nitarudi kwa hiyo sasa hivi.

Ya nne inauma sana: ulikuwa unalipwa, ikasimama. Usidhani umetolewa. Mara nyingi ni ule uhakiki wa kuthibitisha mtu bado ako hai, ambao hukufika. Ama kitambulisho cha mlezi hakilingani na rekodi. Ama mlezi aliyesajiliwa alikufa na hakuna mtu alienda kubadilisha jina. Piga 1533, ni laini ya bure ya Inua Jamii, uwaambie nambari ya kitambulisho, uandike tarehe uliyopiga na kile umeambiwa. Alafu enda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo na hizo karatasi. Kama ni mlezi kubadilika, nenda mapema na barua ya chifu, si baada ya malipo matatu kurudi.

Barua

Neno la mdomo huwezi kulikatia rufaa. "Jina halikurudi" haina tarehe, haina sahihi, haina mwenyewe. Kesho ukirudi utapata mtu mwingine kwa hicho kiti na atakuambia hajui unaongelea nini. So kazi yako ya kwanza ni kuigeuza iwe karatasi.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki na ofisi za serikali, na kama uamuzi umekuumiza ama unaweza kukuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Fair Administrative Action ya 2015 ikaongeza meno: ofisi ikikataa kutoa sababu, inachukuliwa kwamba iliamua bila sababu nzuri, hadi wathibitishe vingine. Na Sheria ya Access to Information ya 2016 inakupa haki ya kuitisha rekodi zako, na wanafaa kujibu ndani ya siku 21. Ukijumlisha na kifungu cha 43, kinachosema serikali itawapa hifadhi ya jamii watu wasioweza kujikimu, unaona huombi mtu fadhila.

Na usiogope lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa hiyo Katiba. Barua ya Kiswahili ni barua. Yetu ilikuwa hivi:

"Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii, Kaunti Ndogo. Mimi ni mlezi wa mtoto huyu (jina kama lilivyo kwa cheti, na nambari ya cheti). Alirekodiwa kwa mpango wa Inua Jamii wa watu wenye ulemavu mkali tarehe hii, katika kata ndogo hii. Tarehe hii niliambiwa kwa mdomo kwamba jina lake halikurudi. Kwa mujibu wa kifungu cha 47 cha Katiba, naomba nipewe sababu kwa maandishi. Kwa mujibu wa sheria ya Access to Information ya 2016, naomba pia nakala ya habari zilizorekodiwa kumhusu. Naambatanisha fomu mpya ya tathmini, kadi ya Baraza, na maelezo ya siku saba za malezi yake."

Basi. Hakuna matusi, hakuna "sisi wanyonge", hakuna mistari ya Biblia. Print mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanapiga muhuri wa kupokea na tarehe, unarudi nayo. Wakikataa kupiga muhuri, tuma kwa posta kwa rejista, ama kwa barua pepe ya ofisi, uweke ushahidi. Piga picha ya kila kitu, ujitumie kwa WhatsApp. Simu hupotea.

Yale maelezo ya siku saba mamdogo aliyaandika kwa daftari, kwa mkono wake, Jumatatu hadi Jumapili. Mimi nilitaka kuyapiga taipu yakae smart. Akakataa. Alikuwa sawa, juu Alhamisi kuna mahali wino umemwagikiwa na uji, na hakuna mtu angefikiri hiyo ilitungwa saiba.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Mistari minne. Kwa rekodi ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwamba mtoto hahitaji mlezi wa wakati wote. Mamdogo alisoma, akakaa chini kwa ngazi ya hiyo ofisi. "Ni mimi nilisema," akasema. Nikamwambia hapana, lakini kusema kweli sikuwa na kitu kingine cha kumwambia.

Habari nzuri ni kwamba ukishajua sababu, unaweza kuijibu. Tukaomba rekodi irekebishwe, tukaweka ile fomu mpya inayosema ulemavu mkali. Uandikishaji ulipofunguliwa tena, afisa mwingine akaja, akauliza swali lile lile: "Mama, mtoto anaendeleaje?" Mamdogo akafungua daftari.

Jina likasomwa kwa baraza. Hakuna mtu aliinua mkono kupinga. Thao nne za kwanza zilienda kwa pampas za watu wazima, dawa ya ngozi na deni la duka, na deni halikuisha.

Wakinyamaza

Kama siku 21 zimepita na barua yako iko na muhuri lakini jibu hakuna, enda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Kazi yao ni hiyo tu: ofisi za serikali zinazochelewesha, kukataa bila sababu ama kunyanyasa watu. Ni wao pia wanasimamia ile sheria ya habari. Hulipi kitu na huhitaji wakili. Wanataka nakala ya barua yako yenye muhuri, ndio maana nimekusumbua nayo hivyo. Wana ofisi Kisumu, na unaweza kutuma malalamiko kwa mtandao bila kupanda gari.

Kama unaona ulikataliwa kwa sababu ya ubaguzi, kwa mfano afisa alisema mtu wa kifafa si mlemavu ama msichana ataolewa tu, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa inapokea hiyo. Mahakama iko pia, lakini hiyo ni ya mwisho, na hapo sasa tafuta wakili kweli, si mimi.

Kama uliumia kazini

Hii ni njia tofauti kabisa na vijana wengi wa mjengo hawaijui. Kama umeajiriwa na ukaumia kazini, kuna sheria ya fidia, WIBA ya 2007. Mwajiri anafaa kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku saba akishaijua, na dai lako liwe limewasilishwa ndani ya miezi 12. Ulemavu wa kudumu wa asilimia mia fidia yake ni mapato ya miezi 96, na ukiwa wa asilimia ndogo inapungua kulingana. Usipokubaliana na uamuzi wa mkurugenzi, una siku 60 kuweka pingamizi kwa maandishi, na baada ya jibu lake unaweza kwenda mahakama ya ajira ndani ya siku 30. Hizo siku zinahesabiwa, so usikae ukingoja mkubwa wa site akuitie chai muongee kiume. Wengi wameongea kiume hadi miezi 12 ikaisha. Msee wa boda yake mwenyewe hapa haingii, juu hana mwajiri. Huyo aangalie bima ya nduthi na ile njia ya kadi.

Kitu cha mwisho, na ni kidogo. Nunua faili ya plastiki yenye vifungo. Ndani weka fomu ya hosipitali, kadi, vyeti, barua zote zenye muhuri, na karatasi moja mbele yenye tarehe: ulienda wapi, uliongea na nani, alisema nini. Na nyumbani kuwe na mtu mwingine mmoja anajua iko wapi. Ya binamu iko juu ya kabati ya vyombo, chini ya redio.